Vitambaa Vitano vya Bi Mwanahamisi

Zuhura wa Bi Mwanahamisi alinipigia simu nikiwa Moa, nimetandaza vitenge juu ya turubai, sijauza hata kimoja. Hakunisalimia. Alisema, "Ruthi, mama hatunaye. Ametutoka baada ya sala ya alfajiri. Tunazika alasiri." Akavuta pumzi, kisha akaongeza, "Ukiweza." Nikamwambia nitaweza. Nilivifunga vitenge katika shuka, nikamwachia mama aliyekuwa akiuza mihogo pembeni yangu, nikapanda bodaboda kuelekea barabara kuu. Njia nzima, nikiwa nimeng'ang'ania koti la dereva na vumbi likiniingia mdomoni, sikuuona uso wa marehemu. Niliuona mguu wake. Mguu wa kushoto, mnene tangu gotini hadi vidoleni, ngozi imekunjana penye kifundo, na vidole vitano vimebanana kama watu waliokaa benchi fupi. Hakuna kiungo cha binadamu yeyote ninachokijua kama nilivyoujua mguu ule, hata miguu yangu mwenyewe, ambayo imenitembeza kila mji wa upande huu na haijawahi kukubali kutulia.

Nimeingia miaka ya arobaini na kitu. Nimeuza nguo Korogwe na Muheza, nimepika chai kwenye kambi ya watafiti kule Amani, nimekaa Ushongo msimu mmoja nikifua mashuka ya wageni, nimevuka mpaka nikarudi. Kila mahali niliondoka kabla watu hawajaanza kunizoea. Wanaonifahamu huniuliza kama kuna nyumba yoyote niliyowahi kukaa mwaka mzima, nami huwajibu kuwa ipo moja, Ngamiani, nyumba ya Bi Mwanahamisi. Habari za kwetu milimani na namna nilivyomaliza kidato cha nne nitaziacha. Hazina tofauti na za wengi. Nilishuka Tanga kujifunza kushona kwa fundi mmoja, na mtu aliyejuana na mtu akanipatia chumba.

Chumba kilikuwa uani, kimepakana na jiko. Ukuta wa katikati haukufika juu. Uliishia kwenye boriti, na juu ya boriti moshi, harufu na maneno vilipita bila kupiga hodi. Nikilala chali kitandani nilijua kinachopikwa, aliyekuja, aliyesemwa na aliyemsema. Bi Mwanahamisi alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, arobaini, hitima, mtu akitaka pilau isiyoshikana alimwita yeye. Nyumbani alipika kama vile kila siku kuna shughuli: kisamvu cha nazi, bada ya unga wa muhogo na mchuzi wa pweza, mkate wa kumimina siku ya Ijumaa. Mimi Msambaa niliyezoea makande nilinenepa katika wiki mbili, naye akawa ananitazama akiridhika. "Sasa unafanana na mtu," alisema. "Ulikuja hapa kama kijiti cha muhogo."

Mguu aliuficha. Alivaa soksi nzito ya kiume na kiatu cha plastiki alichokipasua ubavuni ili mguu uingie, na juu yake kanga ndefu iliyoburura chini. Mara ya kwanza kuuona ni siku aliponiomba nimsogezee ndoo bafuni. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda cha pili, umefungwa mfuko wa nailoni hadi gotini. Alikuwa akioga mwili wote isipokuwa ule mguu. Aliona nilivyokodoa macho. "Mguu una matende, hujawahi kuona?" akaniuliza. Nikasema nimewahi. "Basi weka ndoo uende. Sabuni ikigusa mguu huu, tambazi linaamka, mguu unawaka moto. Ndivyo nilivyoelezwa na mganga aliyenichanja, na ndivyo nilivyofanya miaka kumi na mmoja."

Na bado mguu haukukosa maji. Mara tano kwa siku nilimwona uani akitia udhu, akimaliza kwa mguu wa kushoto, akiumwagia maji kwa kata taratibu, akisubiri yachuruzike. Hakuyafuta. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu utotoni, na ya mama yake kabla yake: maji ya udhu yanadondoka na dhambi, mtu hayafuti kama anayefuta jasho. Yalipokoma kuchuruzika alivaa soksi yake na kiatu chake cha plastiki, akaenda kusali, akarudi jikoni kwenye moto. Nilimwona akifanya hivyo labda mara mia, na sikuona kosa lolote. Nilimwona mtu msafi kuliko wote niliowajua.

Wiki ya tatu tangu nifike, siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nilisikia kijiko kikianguka upande wa pili wa ukuta. Kisha meno yakigongana. Nilikimbia nikamkuta amekaa sakafuni karibu na gunia la mchele, anatetemeka kama mtu aliyetolewa mtoni kwetu mwezi wa Julai. Zuhura, binti yake, alikuwa tayari anamvua soksi. Mguu ulikuwa umeiva, mwekundu wa giza, moto wake unausikia kabla hujaugusa. Kwenye kinena palikuwa na uvimbe kama yai. Siku ileile alikuwa anangojwa kupika harusi mtaa wa pili. Akaja mpishi mwingine.

Wanawake wa jirani walikuja kumtazama, na walipotoka wakasimama jikoni kuzungumza, wasijue kwamba nyuma ya ukuta nimelala na masikio yangu.

"Ni mtoki tu, utashuka."

"Mtoki wa kila mwezi? Hilo ni jicho, dada. Wamemsifu mno pilau yake."

"Jicho gani linalochagua mguu mmoja?"

"Wewe nawe! Ulitaka jicho limle yote miwili?"

Wakacheka, kisha mmoja akashusha sauti, na hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kikimsumbua Bi Mwanahamisi kuliko homa. Zuhura alikuwa ameposwa na seremala wa Pangani, harusi Mfungo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani. Bi Mwanahamisi alikwishatangaza mtaa mzima kwamba pilau ya mwanawe ataipika mwenyewe. Na mama wa bwana harusi, Bi Rukia, alikuwa amesema mbele za watu kwamba wao watatafuta mpishi wao. "Yule ni mtu wa kuanguka," alisema. "Akianguka siku ya shughuli, wageni wetu tuwape maji na tende?"

Maneno hayo yalimfika mwenyewe siku ya pili, akiwa bado na homa. Nilimsikia kupitia juu ya boriti, sauti nyembamba lakini kila neno limekaa mahali pake. "Zuhura. Mwambie mama mkwe wako pilau nitaipika mie. Na nitaipika nimesimama." Zuhura akamwambia, "Mama, lala." Akajibu, "Nimelala. Nasema nikiwa nimelala. Siku hiyo nitasimama."

Kulipokucha nilikwenda zahanati kumtafutia dawa ya homa. Nesi aliyekuwapo alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipomweleza, hakuniuliza habari za homa. Aliniuliza, "Katikati ya vidole vyake kukoje?" Nikasema sijui. "Kuna anayejua?" Nikasema nadhani hakuna. Alipofunga kazi alinifuata hadi nyumbani, akamwamkia Bi Mwanahamisi shikamoo ingawa walikaribiana umri, akaketi chini, akauchukua ule mguu akauweka mapajani mwake. Zuhura alishtuka. Bi Mwanahamisi akageuza uso ukutani.

Nesi alichana ukanda wa kitambaa safi, akaupitisha taratibu kati ya kidole cha mwisho na cha nne, kama mtu anayepitisha uzi kwenye shanga. Ulitoka umelowa, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichosahauliwa ndani ya chombo kilichofunikwa. Akavipanua vidole kidogo tuone. Ngozi ndani yake ilikuwa nyeupe, laini, imevimba kama mkate uliotoswa kwenye chai, na katikati ya weupe palikuwa na mpasuko mwekundu, mwembamba kama uliokatwa na wembe.

"Mlango wenyewe huu," nesi alisema. "Huu weupe ni fangasi. Fangasi wanapenda mahali pabichi palipobanana, wanaila ngozi mpaka inapasuka. Ikishapasuka, bakteria wanaingia. Mtu mwenye mguu mzima wangemtoa usaha kidogo, basi. Mguu huu mishipa yake ilishaharibiwa zamani na ule ugonjwa wa mbu, hauwezi kuwatoa, ndiyo maana unawaka. Na kila ukiwaka unazidi kunenepa."

"Kwa hiyo mie mchafu," alisema Bi Mwanahamisi, bado anatazama ukuta.

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema fangasi. Fangasi ni wa wachafu. Huu mguu naumwagia maji mara tano kwa siku, nesi. Mara tano! Wewe wako unaumwagia mara ngapi?"

"Maji unayo mengi. Unachokosa ni sabuni na kukausha. Meza vidonge hivi mpaka viishe, usiache katikati ukiona nafuu. Homa ikitoka, kila siku osha kwa sabuni ya kawaida, suuza, kausha kila pengo la kidole, paka dawa hii ya fangasi asubuhi na jioni. Ukikaa, mguu juu. Na kila ukitawadha, futa."

Hapo akageuka. "Sifuti maji ya udhu," alisema. "Na wewe unajua."

Nesi alivua miwani, akaisafisha kwa pindo la kanga, akasema kwa upole kwamba alichokijua yeye ni vidole. Akaondoka. Nikabaki mimi na Zuhura na kikopo cha dawa.

Vidonge vilishusha homa. Bi Mwanahamisi alikubali sabuni, baada ya siku nne za kununa, kwa masharti yake: mara moja kwa siku, baada ya alasiri, na maji ya udhu yasiguswe. Kazi ya kuosha nikajitwika mimi, kwa sababu Zuhura aliogopa na kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani nimekwishaelewa kila kitu. Ngozi ya mguu ule ilikuwa na magamba ya miaka kumi na mmoja. Nikayachukia kama adui. Siku ya tatu nilichukua dodoki tulilokuwa tukisugulia masufuria, nikalitia sabuni, nikasugua mpaka magamba yakatoka na chini yake ngozi ikang'aa, na nikafurahi. Bi Mwanahamisi alikuwa ameuma pindo la kanga yake. Hakulia, kwa hiyo sikuacha. Palipotoka damu kidogo nilipakausha nikajiambia ni dalili ya usafi.

Siku ya pili yake mchana meno yaligongana tena upande wa pili wa ukuta.

Homa ile ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Nesi alipokuja na kuona michubuko aliuliza, "Nani aliyeparua?" Nikainua mkono kama mwanafunzi. Akasema, "Ulifungua milango mingine ishirini, binti," akachukua sindano yake. Alipotoka, Zuhura alinifuata uani. Alikuwa mpole siku zote, mtu wa kucheka chini chini. Siku ile alisimama karibu sana na uso wangu. "Nyie watu wa milimani," alisema. "Mnaoga mara moja kwa mwezi kwa kuogopa baridi, halafu mnakuja kutufundisha kuosha. Utamuua mama yangu kabla hajaniona nikiolewa. Toka."

Niliingia chumbani nikaanza kukunja nguo. Nakumbuka nilivyopata nafuu. Hili ndilo ninalolitazama leo kwa mshangao: niliona aibu, niliona huruma, lakini chini yake kulikuwa na nafuu kama ya mtu anayevua kiatu kinachobana. Barabara ipo, mzigo ni mdogo, kosa litabaki hapa nami nitakuwa kwingine. Tangu siku ile nimeondoka mahali pengi na kila mara nimeisikia nafuu hiyohiyo. Siku ile nilikuwa nimefika kwenye kufunga kamba ya begi, nikaivuta, ikakwaruza.

"Ruthi," ikaja sauti kutoka juu ya ukuta. "Unafunga mzigo? Naisikia kamba."

Niliishika kamba isikwaruze tena.

"Umenichubua. Kweli umenichubua, na nikipona nitakusema kwa kila mtu mtaani, jiandae. Lakini sasa unakwenda wapi na kosa la mguu wangu? Huko uendako kuna mguu wangu mwingine?"

"Zuhura amesema niondoke, mama."

"Zuhura ndiye mwenye mguu? Kosa litengenezwe hapahapa lilipofanyika. Fungua hiyo kamba. Na lile dodoki lirudi kwenye masufuria, linanuka mafuta ya samaki."

Nikaifungua kamba. Zuhura hakunisemesha siku sita. Siku ya saba aliniwekea bada yangu pembeni, imefunikwa kwa kawa, na nikajua.

Ilibaki habari ya udhu. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza, nikaosha kwa viganja, taratibu, na kila alasiri nikavikausha vidole vyake kwa ukanda wa kitambaa kama nilivyoona kwa nesi. Lakini magharibi maji yaliingia tena, na isha, na alfajiri, na ule weupe haukupungua hata kidogo. Nilimwonyesha kwa kioo kidogo cha Zuhura. Aliutazama muda mrefu. Kesho yake alijifunga kanga, akachukua fimbo, akaenda mwenyewe barazani kwa Mwalimu Kombo, shemeji yake aliyesomesha watoto Kurani, nami nikamfuata nyuma nikibeba kigoda chake.

Mwalimu Kombo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, kufuta hakuvunji udhu. Anayependa yakauke yenyewe, na ayaache. Lakini mwili umepewa uutunze. Mguu ukioza kwa sababu ya tone la maji, utaulizwa habari za mguu. Za tone sidhani."

"Hayo umeyajua tangu lini?"

"Tangu nisome."

"Na miaka kumi na mmoja unaniona nachechemea hapa mbele ya baraza yako?"

"Hukuniuliza, shemeji. Na mguu wenyewe umeuficha kama dhahabu, mie ningejuaje kinacholowa?"

Njia nzima ya kurudi alikuwa akinung'unika juu ya wanaume wenye elimu. Tulipofika aliingia chumbani, nikasikia sanduku likifunguliwa, akatoka na kitambaa cha bafta nyeupe, mpya, kimekunjwa, kinanukia udi na karafuu. Zuhura alikiona akaweka chini kisu alichokuwa akimenyea vitunguu. "Mama, hiyo si ni…"

"Ni sanda yangu," alisema Bi Mwanahamisi. "Niliinunua mwaka aliokufa baba yako. Kama ni kufuta maji ya udhu, nitayafuta kwa kitu chenye heshima, si kwa tambara la jikoni. Ruthi, wewe si unajifunza kushona? Kata vitano."

Nikasema labda tununue bafta nyingine.

"Sanda ndiyo itakayonunuliwa nyingine. Mie sijafa. Kata."

Nilivikata kwa mkasi wa fundi wangu, nikavikunja pindo kwa mkono kwa sababu sikutaka kukosea kwa cherehani. Kila kimoja nilikitia alama pembeni kwa uzi mwekundu: mshono mmoja cha alfajiri, miwili cha adhuhuri, mitatu cha alasiri, minne cha magharibi, mitano cha isha. Kila sala kitambaa chake, kikavu. Kila asubuhi vyote vilichemshwa katika sufuria ndogo iliyowekwa kando kwa kazi hiyo tu, vikaanikwa kwenye kamba ya uani. Soksi ya kiume iliondolewa. Kiatu cha plastiki alikitupa mwenyewe jalalani, na fundi viatu akamkatia kandambili pana ya tairi, iliyo wazi mbele. Mtaa ulicheka. "Bi Mwanahamisi amefungua kiwanda cha leso," walisema. "Ee," alijibu akiwa ameinua mguu juu ya kinu kilicholazwa. "Na wewe ukitaka, leta pua."

Sitadanganya kwamba mguu ulipungua ukawa kama mwenzake. Haukupungua hivyo. Lakini weupe ulianza kukauka, ukawa vumbi, kisha ngozi ya kawaida. Mpasuko ulifunga. Mwezi ukapita bila homa, halafu wa pili. Mwezi wa tatu alianza kuhesabu kwa sauti, kisha akaacha, akasema anajitia jicho mwenyewe. Zipo siku alizochoka. Siku za mvua vitambaa havikukauka, nikavipiga pasi ya mkaa kimoja kimoja. Kuna jioni alisema, "Leo basi, vidole vimekufa ganzi kwa kufutwa, niache," nami nikakaa chini na kitambaa mkononi mpaka akaunyoosha mguu kwa hasira. Ramadhani ilipoingia nilikuwa na hofu, kwa kuwa alisimama jikoni tangu adhuhuri hadi futari akiuza kachori na katlesi. Aliona hofu yangu. "Nishike mguu," aliniambia siku moja saa kumi, watu wamejaa mlangoni. Nikaushika. Ulikuwa wa baridi. "Basi nenda kakune nazi."

Siku ya harusi, Mfungo Mosi, tuliwasha mafiga uani baada ya alfajiri. Bi Rukia alikuja mapema na mpishi wake nyuma yake, mwanamke mrefu aliyeshika mwiko wake mwenyewe. Bi Mwanahamisi alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa kuliko zote, anakaanga vitunguu, jasho linamtiririka. Hakuweka mwiko chini.

"Karibu, mkwe," alisema. "Naona umeniletea msaidizi."

"Nilisema tu, dada, kama utachoka…"

"Ulisema mie mtu wa kuanguka. Nilisikia. Hebu sogea."

Bi Rukia akasogea. Na yule mwanamke aliyeoga na mfuko wa nailoni kwa miaka kumi na mmoja, aliyevaa kanga za kuburura ili asionekane hata kisigino, aliipandisha kanga yake hadi chini ya goti mbele ya ua mzima wa wanawake, akauweka mguu juu ya kinu. Alivipanua vidole kwa mkono wake mwenyewe, kimoja baada ya kingine. "Tazama. Hapa. Na hapa. Unaona kidonda? Unasikia harufu? Nusa, usiogope." Bi Rukia aliinama kweli, kwa heshima au kwa kutojua la kufanya. "Mguu ni mnene," Bi Mwanahamisi alisema, "na utabaki mnene. Lakini hauna pa kuingilia. Miezi saba." Akautelemsha, akapokea bizari kutoka kwangu, akamwambia yule mpishi mrefu, "Wewe mwenye mwiko, shika sufuria ya mchuzi, leo hakuna mgeni." Alisimama hadi pilau ilipopakuliwa. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kitambaa cha adhuhuri begani, na nilingoja.

Niliondoka Tanga miezi minne baadaye. Aliniaga bila machozi. Alisema mtu wa kuondoka hujulikana kwa namna anavyokaa kwenye kiti. Lakini kila nilipopita nilifikia kwake, na kila nilipofika niliangalia kamba ya uani kabla ya kubisha. Vile vya kwanza vilichakaa, akakata vingine, kisha Zuhura, aliporudi Tanga na mumewe, akamkatia vingine tena, kwa bafta ileile na mishono ileile myekundu. Homa ilimrudia mara mbili katika miaka yote hiyo, na mara zote mbili alijua ni siku gani alizembea.

Leo nilifika saa sita kasoro. Wanaume walikuwa barazani, wanawake ndani, udi unafuka. Nilifunga kanga vizuri kichwani, nikaingia uani, na macho yangu yakaenda kwenye kamba kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Palikuwa na kitambaa kimoja tu, chenye mshono mmoja. Nilikigusa. Pindo lilikuwa bado bichi. Vingine vinne vilikuwa juu ya kinu, vimekunjwa, vikavu, vinangoja sala zao.

Zuhura alinikuta hapo. Sasa ana mvi kama mimi. Tulikumbatiana. Kisha akanishika mkono akaniongoza hadi mlango wa chumba, akasimama. Alikuwa anatafuta namna ya kuniambia yale nisiyohitaji kuambiwa: wanaomwosha ni wa dini yake, na mimi mahali pangu ni nje ya pazia. "Najua," nikamwambia. "Nitakaa hapa." Akaingia. Nikaketi chini, mgongo ukutani. Nilisikia maji yakimwagwa kwa kata, taratibu, na sauti ya mwanamke mmoja mzee, mwosha aliyeletwa kutoka mtaa mwingine, akisema, "Mguu wa matende, na ngozi safi hivi? Sijapata kuona."

Pazia likasogea kidogo. Mkono wa Zuhura ukatoka, umelowa hadi kwenye kiwiko. "Wanataka kumkausha," alisema. "Wamemaliza mwili. Vidole vimebanana, mwosha anaogopa kuvipasua."

Nilikwenda kwenye kinu, nikachukua kile chenye mishono miwili, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imefika. Nikakikunja mara tatu kwa urefu mpaka kikawa ukanda mwembamba, kama nesi alivyofanya siku ile, nikakiweka kwenye kiganja chake.

"Mwambie aanze na kidole cha mwisho," nikasema. "Apitishe, asisugue. Na kila pengo, Zuhura. Yote manne. Mimi nipo hapa hapa mlangoni, sitoki mpaka mniambie pamekauka."